Namba ya Zakaria

Kasongo, tarehe 14 mwezi wa kwanza 2024

Mdogo wangu Lukumani,

Salamu zangu zikufikie Raphaël akiwa bado na vumbi la njia usoni, maana nimemwonya asinywe hata maji kabla hajakukabidhi barua hii. Huku tu wazima. Binti yangu Aicha ameacha kukohoa. Mchele umeshuka bei kwa kuwa kila mtu amevuna wakati mmoja, na mimi nauza nikicheka ili wanunuzi wasijue kilichomo moyoni. Lile bakuli nililowatumia na mchele mpya limenirudia na karanga, tena zimejaa mpaka mfuniko umekataa kufunga. Mwambie wifi yangu Hidaya asante. Huyo mke wako hajui kurudisha chombo kitupu. Siku nikimwazima ungo atanirudishia na unga juu yake.

Naandika kwa sababu antena yenu ya Kabambare imekufa tena. Lakini hata ingekuwa hai nisingepiga. Kwa simu ningelia tu, dakika zikaisha bila neno.

Arobaini ya mwanangu Zakaria tumeisoma. Watu walijaa mpaka barabarani. Nguo zake nimezigawa kama desturi inavyotaka, na koti lake la mvua nimempa Raphaël, kwa kuwa walikuwa wanaendesha pikipiki njia moja. Sikubakiza kitu. Nilidhani ndiyo ushujaa. Halafu wageni wakaondoka, nyumba ikanyamaza, nikaanza kuzunguka vyumbani kama mtu aliyepoteza ufunguo. Ndipo nikajua nilichokuwa nakitafuta: kajeu kale ka mbio za magari ulikomnunulia alipotahiriwa, ili atulie kitandani.

Unakakumbuka. Ka rangi ya kijivu, kanaingia kiganjani, kioo chake kama cha mashine ya kuhesabia, na ndani kagari keusi kanakokwepa magari yanayoshuka. Wenzake wa pikipiki walimcheka. Wao wana simu za kupangusa, yeye mtu mzima mwenye ndevu ana mchezo wa watoto. Aliwajibu, "Telefone yenu inaombaka chaji kila siku. Kangu kanakulaka mapile mbili mwaka muzima." Na kila alipoipita namba yake ya zamani, kajeu kaliimba wimbo wake wa kipuuzi, ti-ti-ti-tiii, naye akaja mbio mpaka mlango wa jikoni: "Mama, nimejipita!" Miaka yote hiyo nilimwambia aninyamazishie hizo kelele.

Najua alikaacha kwako. Nitumie. Ila usitoe mapile, zile betri za mgongoni mwake. Ukiyatoa tu, namba kubwa aliyoifikia inafutika, inabaki sufuri. Alinifundisha mwenyewe siku nilipotaka kuyaiba nitie kwenye tochi. Hiyo namba nataka niione kwa macho yangu.

Yaya wako,
Mwamvita

*

Kabambare, tarehe 2 mwezi wa tatu 2024

Yaya Mwamvita,

Dada yangu, nimeipokea barua yako kwa mikono miwili. Samahani kwa kukawia. Shule zimeniletea sare za kushona, na sindano nzuri hazipatikani hapa, zinakatika kama vijiti. Hidaya mzima, anakusalimu sana, amepanda mihogo nyuma ya nyumba ingawa mbuzi wa jirani wanailia shauri. Mimi mgongo unaniuma kidogo, ndiyo kazi ya fundi nguo, hakulaliki wala hakukaliki.

Mvua ni nyingi. Nilikwenda kwenye kaburi la mtoto wetu, nikang'oa majani, nikarudishia mawe yaliyosogezwa na maji. Pametulia. Nilimwombea na wewe nikakutia katika dua.

Kuhusu lile jambo lingine, tutaona mvua ikipungua. Njia imeharibika kabisa na mizigo inalowa. Raphaël mwenyewe juzi nusura ateleze pale kwenye daraja la magogo. Sitaki kuandika habari za hilo daraja.

Hidaya anasema kama karanga zimekwisha umwambie.

Mdogo wako,
Lukumani

*

Kasongo, tarehe 20 mwezi wa tatu 2024

Lukumani,

Mwezi mtukufu uwe mwepesi kwenu. Sisi tunafunga, joto linatufunga pia. Aicha ameanza kusaidia kwenye meza yangu sokoni na tayari amegombana na wateja wawili. Nikamwambia, kweli wewe ni damu ya mjomba wako alipokuwa kijana.

Sasa tuseme. Umeniandikia habari za sindano, mihogo, mbuzi na mgongo wako. Mbuzi wa jirani wamepata mstari mzima. Kajeu ka mwanangu umekaita "lile jambo lingine".

Tangu lini kitu kidogo kuliko kipande cha sabuni kikashindwa kusafiri? Nguo unazoshona zinafika Kasongo kavu, zimepigwa pasi. Raphaël ana koti la mvua, nilimpa mimi. Basi si mvua. Umekauza? Sema. Umekapoteza? Sema, nitalia mara moja yaishe. Lakini usinizungushe kama mteja ambaye suruali yake haijakatwa.

Mapile hayana subira, Lukumani. Zakaria alisema kioo kikianza kufifia, siku zimebaki chache. Siku yatakapokufa, hata ukinitumia, utakuwa umenitumia kipande cha plastiki.

Msalimie Hidaya. Karanga zipo.

Mwamvita

*

Kabambare, tarehe 5 mwezi wa tano 2024

Yaya wangu,

Idi imepita, nakuomba unisamehe kwa kuwa hata salamu za Idi sikukuletea. Kila nilipoketi kuandika niliona heri nishone kwanza. Hidaya alipika pilau akaita majirani. Watoto walivaa kanzu nilizowashonea. Mimi nilikula kidogo nikarudi kwenye cherehani.

Sikukauza, Yaya. Wala hakajapotea. Kamo ndani ya droo ya cherehani, chini ya vipande vya bitana.

Acha nikwambie jinsi kalivyofika humo. Asubuhi ile Zakaria alikuwa anangoja abiria wake amalize kunywa chai. Akaketi pale kwenye benchi langu, anacheza, mwili wote unapinda kushoto na kulia kama yuko njiani kweli. Abiria akamwita. Akakaweka juu ya kitambaa cha buluu nilichokuwa nakata, akasema, "Mjomba, usikaguse. Narudi, nitajipita hapa hapa." Nikamjibu, "Enda, mvua inakuya." Sikuinua hata kichwa, nilikuwa nafuata mstari wa chaki.

Aliniwekea amana. Na amana, sote tulifundishwa katika chuo cha Kurani, hurudishwa kwa aliyeiweka. Kila jioni nikitoka kuswali magharibi navuta droo, nawasha, naitazama ile namba, nazima. Hidaya anadhani natafuta vifungo. Sijamwambia. Ningemwambia nini? Angenihurumia, na mimi sitaki kuhurumiwa.

Ukimtumia mtu kitu cha marehemu, umekubali kwamba ni cha marehemu. Nilimwosha kwa mikono hii, nikamteremsha kaburini, nikatia udongo. Lakini lile neno "narudi" bado limo ndani ya droo yangu. Nikikatoa nani atarudi?

Usinikasirikie.

Lukumani

*

Kasongo, tarehe 19 mwezi wa tano 2024

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Aicha mzima. Soko linaendelea. Leo sina habari nyingine.

Nilikasirika nilipoanza kuisoma barua yako, nikaimaliza nimekaa chini sakafuni. Hukuwahi kuniambia kwamba alisema narudi.

Sasa nisikilize, na nakusemesha kama mama, si kama yaya. Wewe ulimwosha. Ulimwona uso. Unajua alifumba macho au la. Mimi niliambiwa siku ya pili, na antena yenu imekufa, kwa mdomo wa dereva aliyekuja na samaki. Daraja limekatika, mtoto ameshazikwa. Sikulaumu. Maiti hangoji, na mvua haikutuuliza. Lakini mimi nilimtoa mwanangu nyumbani akiwa anapiga mluzi, halafu nikaletewa maneno. Matanga nimekalia maneno. Arobaini nimesoma ya maneno. Wapo watu hapa sokoni wananisalimia, "Pole, Mama Zaka," na mimi, Mungu anisamehe, kuna asubuhi naitika haraka haraka kwa kuwa bado sijaamini.

Wewe una kaburi la kupalilia. Mimi na goti langu hili, barabara ile nitaivuka lini? Mwenye kovu usidhani amepoa, nawe una kovu lako, nakubali. Ila wewe umekwisha kuaga. Nipe mimi namba. Niione, nijue kwamba alifika pale na pale ndipo aliposimama.

Amana ya mtoto, mama yake ndiye mwenyewe.

Mwamvita

*

Kabambare, Ijumaa, tarehe 21 mwezi wa sita 2024

Yaya Mwamvita,

Kiangazi kimeingia, vumbi limekuwa jeupe, njia imekauka. Hidaya mzima. Barua yako niliisoma nimesimama, na tangu siku ile sijashona mstari ulionyooka. Nimerudishiwa suruali mbili.

Una haki. Nakatuma leo.

Nimekashonea mfuko kwa kile kitambaa cha buluu alichokalaza juu yake. Sikuwahi kukimaliza, mwenye nguo nilimnunulia kingine. Asubuhi hii nimewasha kwa mara ya mwisho. Kioo kimefifia sana, itakubidi ukainamishe kwenye mwanga wa mlango, lakini namba iko. Siandiki ni ngapi. Uisome mwenyewe kutoka kwake.

Sasa adhana imeita. Nakaacha juu ya cherehani pamoja na barua hii, Raphaël atapita kuchukua. Sitaki kukaona kakitoka.

Lukumani

*Wifi yangu mupenzi, ni mimi Hidaya nimeongeza hapa chini. Lukumani iko musikitini, Raphaël iko mulangoni anapiga honi. Aliacha kajeu kaende vile vile katupu. Nikasema hapana, kitu ya mutu haiendake tupu kwa mwenyewe, na mukono mutupu haulambwi. Karanga zimeisha, nikakosa cha kukutilia. Nikafungua mugongo ya kajeu, nikakuta mapile imezeeka, inatoa maji meupe. Nimetupa. Nimenunua zingine mupya pale dukani, zile za nguvu, nimekutilia. Kamewaka muzuri sana, picha ya kioo iko nyeusi tii! Ukacheze wifi, ukumbuke mutoto wetu. Hidaya.*

*

Kabambare, Jumapili, tarehe 23 mwezi wa sita 2024

Yaya,

Salamu utanidai siku nyingine. Namtuma kijana wa kwanza anayeondoka, pengine atampita Raphaël njiani. Kama barua hii imetangulia, usikawashe kajeu. Ngoja kwanza moyo wako ukae.

Nilirudi kutoka msikitini nikayakuta mapile mawili ya zamani yametupwa kwenye jivu. Nikajua kabla sijauliza. Niliuliza hata hivyo. Akanijibu anatabasamu, mikono ina unga, amefurahi kwamba wifi yake hatapelekewa kitu kikavu. Nikamwambia, "Umefanya vizuri." Angejua alichokifanya, asingekula tena nyumbani humu. Alimpenda Zakaria kama aliyemnyonyesha.

Nilikwenda kukaa kaburini mpaka jua likashuka. Mapile yale nilikuwa nayo mfukoni. Sijui nilitaka kuyafanya nini.

Yaya, namba naijua. Nikifumba macho naiona. Ukitaka nikuandikie, nitaandika. Lakini najua hukuomba uandikiwe. Uliomba kuiona pale alipoiacha.

Miezi yote nilikunyima, na siku niliyokubali ndiyo siku ilipofutika.

Lukumani

*

Kasongo, Jumapili, tarehe 23 mwezi wa sita 2024

Wifi yangu Hidaya,

Barua hii ni yako, Lukumani asome baada yako. Huku tu wazima kwa rehema za Mungu. Mchele umepanda tena, Aicha amepata mchumba anayejifanya mpole.

Mzigo umefika salama jana jioni. Raphaël alikaa nje kwenye jiwe mpaka nilipoufungua, nadhani aliogopa kuniacha peke yangu. Mfuko wa buluu ni mzuri. Kajeu kamewaka vizuri kama ulivyosema, sikuhitaji hata kwenda mlangoni kwenye mwanga.

Na namba ya mtoto wetu iko, nimeiona. Inaonekana wazi kwa sababu ya mapile yako. Ungekaacha na yale ya zamani nisingeona kitu. Umenitendea wema, Mungu akulipe wewe na mikono yako isiyojua kwenda mitupu.

Nakutumia mchele kidogo. Na bakuli usihangaike kulijaza.

Wifi yako,
Mwamvita

*

Kasongo, tarehe 11 mwezi wa nane 2024

Mdogo wangu Lukumani,

Hii ni yako peke yako. Isome kwenye cherehani kabla hujaingia nyumbani, halafu uitie motoni.

Kwanza habari. Aicha ameposwa, utakuja kama mjomba, na nguo ya harusi ni juu yako. Goti langu limepata dawa ya kuchua inayonuka kuliko samaki wa Nyangwe, lakini nalala. Nimeweka nia: kiangazi kijacho, Mungu akipenda, nitapanda pikipiki ya Raphaël nije kwenye kaburi. Nimemwambia tukifika kwenye daraja la magogo nitashuka, nitavuka kwa miguu yangu, na tutasimama hapo kidogo.

Barua yako ilifika siku tatu baada ya kuwa nimemjibu Hidaya. Nadhani umeisoma ile yangu ukajiuliza kama nimepungukiwa na akili. Hapana. Niliwasha, nikaona sufuri zimepangana. Nikazima, nikawasha tena, kama mjinga. Sufuri. Raphaël akauliza kutoka nje, "Mama, iko?" Nikamwambia, "Iko." Nilipokwisha kumdanganya yeye, nikaona na Hidaya nimdanganye pia. Wewe usimwambie kamwe. Mtu aliyekujazia chombo humwambii kwamba alikimwaga.

Namba usiniandikie. Kaa nayo. Nikija utaniambia pale pale kwake, na yeye asikie.

Lakini kuna jambo halimo katika ile barua, na nimelibeba wiki zote hizi sijui nimwambie nani.

Usiku ule sikukagusa. Kesho yake asubuhi, Aicha ameshakwenda sokoni, nikakaa jikoni na kajeu mkononi, nikakasirikia zile sufuri. Nikasema, yeye alikuwa anabonyeza wapi? Nikabonyeza. Sijawahi kucheza maishani mwangu, unajua, nilikuwa nakafokea tu. Kagari keusi kakaondoka. Magari yakaanza kushuka. Nikakwepa moja, nami mwili wangu ukapinda kushoto, peke yangu jikoni, mwanamke mzima. Nikakwepa la pili. La tatu likanigonga.

Basi. Nilikuwa nimepata namba ndogo ya aibu, mtoto wa miaka mitatu angenicheka. Lakini mle ndani hapakuwa na namba nyingine yoyote, Lukumani. Kajeu kakaona mimi ndiye niliyeshinda wote. Kakaimba.

Ti-ti-ti-tiii. Ule ule wimbo. Ungekaleta na namba yake ndani, nisingeusikia tena mpaka kufa kwangu, kwa sababu yeye ningempita wapi?

Nikainua kichwa nikatazama mlango wa jikoni. Sikufikiri, mdogo wangu, ni shingo iliyogeuka yenyewe. Nikangoja. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia asinipigie kelele. Uji ukaungua, nami bado namngoja aseme amejipita.

Yaya wako,
Mwamvita